WireGuard kwa kazi za ofisini ukiwa nyumbani: nyepesi, ila ikikwama haisemi kitu

Kama ofisi ina seva ya Linux na mtu wa kuisimamia, VPN (njia ya siri ya kuunganisha kompyuta ya nyumbani na mtandao wa ofisi) ya kwanza kujaribu ni WireGuard. Imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, faili lake la mipangilio ni mistari michache, na ukitoka kwenye Wi-Fi kwenda kwenye data ya simu kazi inaendelea bila kuunganisha upya.

Kuiweka si kazi ndefu. Kila kompyuta inatengeneza funguo zake kwa wg genkey na wg pubkey. Ufunguo wa umma unapelekwa upande wa pili. Wa siri humpi mtu. Kwenye ruta ya ofisi, elekeza poti ya UDP (aina ya usafirishaji wa data) 51820 kwenye seva, kisha kwenye seva washa net.ipv4.ip_forward=1, inayoiruhusu kupitisha data kwenda vifaa vingine. Ukiisahau hiyo, utaifikia seva yenyewe lakini printa hutaiona. Ruta nayo ijue kuwa 10.8.0.0/24 (mfano wa anwani za VPN) inapitia kwa seva, la sivyo majibu yanapotea.

Wengi wanakwama kwenye AllowedIPs, orodha ya anwani zinazopita kwenye VPN. Upande wa nyumbani, andika mtandao wa ofisi tu, ukiweka 0.0.0.0/0 (yaani anwani zote), hata video za watoto zitazungukia ofisini. Upande wa seva, kila mtu apewe anwani yake, mfano 10.8.0.2/32. Wawili wakipewa anwani moja, inamfuata aliyeongezwa mwisho na wa kwanza anakatika. Baya zaidi ni ofisi na nyumba zote kutumia 192.168.1.0/24: kompyuta haina namna ya kujua 192.168.1.20 ni printa ya ofisini au televisheni ya sebuleni. Badilisha anwani za ofisi mapema, kabla watu hawajawa wengi.

Kasoro yake kubwa ni ukimya. Ufunguo ukiwa na kosa, seva haijibu kabisa. Hilo ni zuri kwa usalama, ila linamtesa fundi. Endesha wg show: usipoona mstari wa latest handshake (mara ya mwisho pande mbili kutambuana), kagua funguo, poti, na kama ofisi kweli ina anwani ya umma. Ukiuona na bado hakifunguki kitu, tatizo ni njia za mtandao, yaani AllowedIPs, ip_forward au ruta. Na ping ikipita huku mafaili makubwa yanaganda, shusha MTU (ukubwa wa juu wa kila pakiti ya data) kutoka 1420 hadi 1280.

WireGuard yenyewe haiulizi nywila wala namba ya kuthibitisha. Laptopu ikiibwa, mwizi ana ufunguo, kwa hiyo ufute kwenye seva siku hiyohiyo. Tena inatumia UDP pekee. Kwa mtumishi anayefanyia kazi kwenye mtandao unaozuia UDP, mwekee OpenVPN, VPN nyingine, kwenye TCP 443 (poti ya tovuti za HTTPS), hata kama ni nzito zaidi.