Ushauri nasaha niliopata Kinondoni baada ya ajali
Tangu nipate ajali ya bodaboda, kila honi iliyopigwa Barabara ya Morogoro ilinitetemesha, na usiku usingizi ulinipaa. Mshauri wa kituo kidogo cha ushauri nasaha hapa Kinondoni alinieleza kwa upole kwamba amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga mbiu ya hatari, inaweza kuendelea kuamsha homoni za adrenalini na kotisoli hata hatari ikiwa imekwisha. Kisha akanifundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa taratibu kwa hesabu ya sita, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu ya baridi, ili mapigo ya moyo yapungue. Kelele za barabarani hupenya hadi chumba cha ushauri kituoni, jambo linalowaumiza sana wagonjwa wa aina yangu, na lazima lirekebishwe. Wiki iliyopita nilipanda daladala hadi Kimara bila kushuka njiani.