PES 6 na eFootball: nimezicheza zote mbili, nimebadilisha maneno yangu

Kwa miaka mitatu niliisema vibaya eFootball, gemu ya mpira ya Konami iliyorithi PES (Pro Evolution Soccer), bila kuigusa. Ilipotoka tarehe 30 Septemba 2021, simu yangu ilijaa picha za sura za wachezaji zilizopinda macho na midomo. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wachezaji waliiponda hadi ikashika mkia kuliko gemu zote, na siku iliyofuata Konami wakaomba radhi. Kwangu kesi ikaishia hapo. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba gemu ya mpira ilikuwa PES 6, zilizobaki ni picha tu.

PES 6 imenikuza. Ilitoka Oktoba 2006, na mimi niliikuta kwenye kibanda cha gemu Ngamiani, Tanga. Mechi moja shilingi mia, aliyefungwa anatoka. Benchi la watu wanne tulikaa nane, macho kwenye TV ya chogo iliyokuwa na doa la kijani kwenye kona. Liverpool iliitwa Merseyside Red kwa sababu ya mambo ya leseni, na hakuna aliyejali. Aliyewahi kuchagua Inter alikuwa na goli moja mfukoni kabla mpira haujaanza, maana Adriano alikuwa na nguvu ya shuti 99 na mguu wa kushoto usiouliza umbali.

Mwaka jana nilinunua PlayStation 2 (PS2) ya mtumba, pedi mbili, memori kadi na diski ya PES 6. Nikaichomeka kwenye TV ya flati sebuleni. Nikabonyeza mraba, Adriano akatulia kwanza, ndipo akapiga. Nikabonyeza pembetatu, pasi ikatoka beki ameshafika. Ilikuwa kama kumwita mtu aliye chumba cha pili: anaitika, lakini si muda ule ule. Nilicheza mechi tano, nikazima, na niseme kweli, niliumia. Nilihisi nimeharibu kitu ambacho ningekiacha kichwani kingebaki kizuri.

Fundi wa TV mtaani ndiye aliyenielewesha. Flati huichakata kwanza picha inayokuja kwa waya wa AV, ndipo huionyesha; TV ya chogo huichora papo hapo. Kwa hiyo ukitaka kununua PS2 leo, tafuta na chogo lake, au angalau ingia kwenye mipangilio ya flati yako uweke hali ya gemu (game mode). Mimi nilipata chogo la inchi 21, na Adriano akaamka usingizini.

Lakini bado kuna kitu hakikurudi. Nilianza Master League, ile sehemu ya kuongoza timu msimu hadi msimu, na kikosi kile cha kuanzia cha wachezaji wa kubuni: Ivarov golini, Minanda kati, Castolo mbele. Zamani niliapa kwamba Castolo ni mchezaji mzuri. Nikicheza peke yangu usiku niliona jinsi anavyokimbia kama yuko kwenye matope, na nikagundua kwamba nilichokumbuka ni kelele za benchi siku alipofunga dakika ya mwisho. Goli lile lile, chumba kikiwa kimya, lilipita nikaendelea kunywa chai.

Likizo ya Desemba akaja mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha tatu. Ana eFootball kwenye simu na anaicheza kila siku. Nikakaa pembeni yake, na kila beki alipogeuka taratibu nilisema, "Unaona sasa?" Mara ya tatu akaweka simu chini. "Kaka, naona nini?" Sikuwa na jibu. Mwaka 2021 alikuwa shule ya msingi. Zile picha za sura zilizopinda hajawahi kuziona. Yeye aliikuta gemu ikiwa imesharekebishwa, maana toleo la 1.0 la Aprili 2022 liligusa pasi, ulinzi na mashuti, na ya simu ilifuata Juni.

Nikaomba nicheze, safari hii nikiwa nimefunga mdomo. Siku tatu za mwanzo bado nilikuwa natafuta makosa. Baada ya hapo nikaanza kuona uzito wa mpira, jinsi unavyojitenga na mguu ukipokea vibaya, na namna pasi fupi inavyotaka uangalie mwili wa mpokeaji umeelekea wapi. Hii ni gemu nzuri ya mpira, na ni ya bure. Biashara ya kununua sarafu za ndani ya gemu ili uvute wachezaji kwa bahati nasibu siipendi hata kidogo, lakini uwanjani inanipa raha. Naicheza karibu kila jioni nikiwa kwenye daladala, na nimewaandikia wenzangu wawili niliowazuia wasiipakue.

Naye nikampa pedi ya PS2. Sikumwambia timu ya kuchagua wala mchezaji wa kumtazama, ingawa ulimi uliniwasha. Alicheka wachezaji wanavyogeuka, akasema wamekaza kama malori. Akachagua Inter kwa sababu ya jezi. Dakika ya 30 akapiga kutoka mbali kwa bahati tu, mpira ukanyooka hadi kwenye wavu, kipa wangu hajaruka. Akasimama. Akarudia marudio ya goli mara mbili.

"Kaka, huyu namba 10 ni nani?"

Nikamtajia jina, nikaanzisha mpira.