Misimu mitatu na utabiri wa hali ya hewa: uzoefu wangu wa kuanika dagaa Kibirizi

Naanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Kwa kazi hii mvua ya dakika kumi inatosha kukutia hasara. Dagaa akilowa kabla hajakauka vizuri, tumbo linapasuka, rangi inageuka, na kesho yake mnunuzi anamnusa kisha anakutajia bei ya chakula cha kuku. Nilipoteza dagaa wa chanja nne, zile meza za kuanikia, namna hiyo mchana mmoja wa Machi. Ndipo nikaanza kufuatilia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kila siku kuanzia Novemba hadi Aprili.

Mwanzoni nilikuwa naangalia rangi tu. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Nikiona njano, napuuza. Nilikosea sana. Taarifa inaeleza pia uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari zake, na hapo ndipo penye faida. Athari ndogo kwa mwenye nyumba ya bati ni msiba kwa mwenye dagaa mchangani. Siku hizi nikisoma uwezekano ni wa wastani, nanunua nusu ya mzigo na turubai linalala pembeni ya chanja tangu asubuhi. Zipo siku nimefunika bure na jua likawaka hadi jioni. Sijuti hata kidogo.

Wavuvi ndio walikuwa wagumu. Utabiri wa ziwani hutaja upepo kwa kilomita kwa saa na mawimbi kwa mita, na vijana walikuwa wakisema mita 2 si kitu. Mwenyekiti wetu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wetu, alichomeka mti mchangani, akapima mita 2, akachora alama kwa mkaa, kisha akamwita kijana mrefu kuliko wote asimame pale. Alama ilimpita kichwa. Akamuuliza taratibu, "Na ukingo wa mtumbwi wako, mwanangu, unakufika wapi?" Kijana akagusa paja.

Jioni ile hakuna aliyetoka, ingawa ilikuwa giza la mwezi, na usiku wa giza ndio wa dagaa. Wenye boti walinuna. Lakini mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeanza kuvuta boti yake nchi kavu, na alikuwa ameshalipia mafuta. Ningekuwa mwenye boti, hilo tu lingenitosha kumsikiliza.

Angalieni picha zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Tumewahi kupata tahadhari ya mwaka uliopita, tarehe imekatwa, mwalo mzima ukataharuki. Sasa kila anayeleta picha anaulizwa kwanza, "Ya lini hii?"

Wasio na simu janja tuliwachangia ubao mwaloni. Binti yangu anauandika saa kumi jioni, tarehe juu kabisa, na akichelewa akina mama wanaoanika wanamfuata nyumbani.