Uzoefu wangu wa kununua Toyota Premio ya mwaka 2003 mkononi mwa mtu, hapa Dodoma

Nimeendesha Toyota Premio ya mwaka 2003 kwa miezi kumi na minne, kati ya Nkuhungu ninakoishi na Mji wa Serikali Mtumba ninakofanya kazi, na naona nimekaa nalo vya kutosha kusema kama lilistahili fedha niliyolitolea. Lilistahili. Hata hivyo, kabla yake nilikaribia kununua jingine la aina hiyohiyo, la rangi ya fedha, lililong'aa kuliko hili na lililokuwa na bei ya chini kwa laki saba, ambalo naamini lingenitia hasara kubwa. Tofauti ya magari hayo mawili haikuwa ya kuonekana kwa mtu anayelizunguka gari mara mbili na kufungua boneti kwa heshima tu. Ndiyo maana naandika kwa kirefu, kwa ajili ya mtu mwenye milioni nane au tisa mfukoni, zilizopatikana kwa shida, anayetaka kununua gari la zamani moja kwa moja kwa mwenye gari.

Kuagiza Japani nilikuwa nimeshakuondoa kwenye hesabu. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka kumi hubeba ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote, na kwa bajeti yangu hesabu ilikataa. Nikabaki na magari yaliyokwisha kutumika nchini, na hapo ndipo fundi wangu, mzee ambaye amefungua na kufunga injini tangu mimi nikiwa shule ya msingi, aliponipa sharti moja kabla ya mengine yote: "Mama, mwambie muuzaji asiliwashe mpaka tufike."

Gari la kwanza lilikuwa Area C, na aliyekuwa akiliuza ni kijana mmoja kupitia kwa dalali. Tulifika saa moja asubuhi, mwezi wa Julai, wakati ule upepo wa Dodoma unapomfanya mtu avae koti hata akiwa ndani ya daladala. Fundi hakuangalia rangi wala viti. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda, kisha akaniambia niweke cha kwangu. Bati lilikuwa na joto. Kijana alisema alitoka kufuata maziwa, na huenda ni kweli, lakini fundi alimwomba kwa upole turudi kesho yake saa kumi na mbili, gari likiwa limelala.

Sababu yake aliieleza njiani, na nataka kila mnunuzi aielewe. Injini iliyochoka hujisaliti inapoamka. Ikiwa oili huvuja kidogo kidogo kupitia sili za valvu usiku kucha, moshi wa bluu huonekana zaidi katika sekunde za kwanza baada ya kuwasha, na mlio wa cheni iliyolegea husikika kabla oili haijapanda. Injini ikishapata moto, dalili hizo hupungua au hupotea kabisa, na mnunuzi anayelikuta gari limepashwa huonyeshwa lile tu ambalo muuzaji amelichagua.

Kesho yake gari liliwashwa likiwa baridi, na nyuma yake likasimama wingu la bluu ambalo upepo ulilisogeza taratibu hadi kwenye ukuta wa jirani. Harufu yake ilikuwa ya oili inayoungua. Kijiti cha kupimia oili, ambacho fundi alikuwa amekichomoa kabla ya kuwasha, kilikuwa kikavu hadi karibu na ncha. Kisha akaomba kadi ya gari, nami nikajifunza jambo la pili. Dalali alikuwa ameniambia injini ni ya lita moja na nusu, lakini chesisi namba kwenye kadi ilianza na ZZT240 na ukubwa wa injini uliandikwa cc 1794, yaani karibu lita moja nukta nane. Premio za kizazi hicho, kilichoanza mwaka 2001, zilikuja na injini zaidi ya moja: NZT240 ina injini ya 1NZ-FE ya cc 1496, ZZT240 ina 1ZZ-FE, na AZT240 ina injini ya lita mbili. Matoleo ya mwanzo ya 1ZZ-FE yanajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu madogo ya pistoni yanayorudisha oili chini huziba kwa masizi. Gari hilo linaweza kumfaa mtu anayelijua na anayelijazia oili kila wiki. Mimi nilikuwa nauziwa kama kitu kingine.

Fundi aliniomba pia nigeuze ufunguo hadi ON bila kuwasha, niangalie dashibodi. Taa zote za onyo zinapaswa kuwaka kwa muda huo, kisha zizime injini ikishawaka. Taa ya oili iliwaka, ya betri iliwaka, ila taa ya injini haikuwaka kabisa. Taa hiyo isipowaka ufunguo ukiwa wazi, ama imeungua ama kuna mtu ameikata ili isiwake muda wote mbele ya mnunuzi, na katika hali zote mbili umenyimwa habari uliyostahili kuijua. Spidomita ilisoma kilomita 98,000, huku mpira wa pedali ya breki ukiwa umelika hadi chuma kuchungulia na ngozi ya usukani ikiwa laini kama sabuni iliyotumika. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria kwamba gari lilitembea zaidi ya hapo.

Bado kulikuwa na kadi yenyewe. Jina lililoandikwa halikuwa la kijana bali la baba yake, aliyefariki dunia. Nilimpa pole kwa dhati, kisha nikamwuliza kama familia imefungua mirathi na kama kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Hawakuwa wamefungua. Hapo hakuna mwenye haki ya kusaini mauziano, hata kama ndugu wote wanakubaliana kwa mdomo, kwa sababu uhamisho wa umiliki kwenye Mamlaka ya Mapato (TRA) hudai saini ya mwenye jina au ya msimamizi mwenye barua ya mahakama. Tuliagana kwa heshima. Shilingi 200,000 nilizokuwa nimempa dalali ili alishike gari hazikurudi mpaka leo, na jambo hilo bado linaniuma. Usitoe fedha ya kushika gari kabla fundi wako hajaliona.

Gari la pili nililisikia kanisani. Lilikuwa la mwalimu mstaafu anayeishi Kikuyu, ambaye aliamua kuliuza kwa sababu macho yake hayamruhusu tena kuendesha usiku. Bei aliyotaja ilikuwa milioni 9.2. Tulipofika nilimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaitikia, akatuonyesha gari lilipo chini ya mwembe, kisha akaingia ndani na kutoka na daftari la shule lenye jalada la bluu. Ndani yake kulikuwa na mistari aliyoichora kwa rula: tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei, na jina la gereji. Oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000 tangu aliponunua gari mwaka 2012, na stakabadhi nyingi zilikuwa zimebanwa kwa pini kwenye kurasa zake. Spidomita ilisoma kilomita 186,000, idadi ambayo watu wengi wangeikimbia, lakini kila tarakimu yake ilikuwa na ushahidi.

"Binti yangu," alisema kabla hatujauliza lolote, "shokapu za mbele zimekufa, na maunti moja ya injini inapiga. Sitaki uje kunilaumu." Katika magari sita niliyoyaona mwezi ule, ukihesabu na manne nisiyoyasimulia hapa, huyu ndiye muuzaji pekee aliyeanza na ubovu.

Fundi hakumwamini kwa sababu hiyo, na ninamshukuru. Boneti lilikuwa baridi. Injini iliwaka kwa mzunguko mmoja wa ufunguo, ikatikisika kidogo kwa ajili ya ile maunti, yaani kishikio cha mpira cha injini, na nyuma hapakuwa na moshi. Alikuwa amefungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado haijawashwa, maana kuufungua ikiwa ya moto ni kujiunguza, na maji yalikuwa na rangi ya kulanti, yaani kipoozeo cha injini, bila utando wa oili. Oili ya gia otomatiki ilikuwa nyekundu iliyofifia, haikunuka kuungua. Alinyanyua zulia la buti na tairi la akiba, akapitisha vidole kwenye maungio ya bati. Hapo alinifundisha kwamba magari yaliyokaa miaka mingi Dar es Salaam au Tanga huliwa na chumvi kuanzia chini, wakati yaliyokaa huku kwetu hubaki na bati zima lakini jua na ukavu huchosha raba. Ndivyo ilivyokuwa. Tulipolipeleka kwenye shimo la gereji, chini hapakuwa na kutu ya maana isipokuwa kwenye bomba la eksozi, lakini bushi za mbele, yaani raba za maungio ya miguu ya gari, zilikuwa zimepasuka, na filta ya hewa ilijaa vumbi letu jekundu.

Bolti za fenda ya kushoto zilikuwa na alama za spana kwenye rangi. Fundi alimwuliza mwalimu, naye akaeleza kwamba bodaboda ilimgonga karibu na Soko la Majengo, akatufungulia ukurasa wa daftari wenye gharama ya kunyoosha na kupiga rangi. Matairi yalikuwa na meno mazuri, ila kwenye ubavu yaliandikwa 1917, yaani wiki ya 19 ya mwaka 2017, na mipasuko midogo ilikuwa imeanza pembeni. Majaribio ya barabarani hayakuchukua muda: tulipanda nalo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), gia zikabadilika bila kushtuka, tukashuka kwa breki likaenda njia iliyonyooka, kisha tukapita kwenye barabara ya vumbi ili tusikie shokapu zilivyo.

Kabla ya kuzungumza bei, fundi nami tuliketi kando tukaandika yote ambayo gari lingehitaji ndani ya miezi mitatu: matairi manne, shokapu mbili, bushi, maunti na betri. Jumla ilikuwa shilingi 1,350,000. Nilimwonyesha mwalimu karatasi hiyohiyo badala ya kumtajia punguzo la kubuni, naye akaisoma mstari kwa mstari kama anayesahihisha mtihani, tukakubaliana milioni 8.6. Kwa maoni yangu bei ya kweli ya gari kuukuu ni hiyo ya muuzaji ukiongeza karatasi ya fundi, na kwa kipimo hicho lile la Area C, ambalo lilihitaji injini kufunguliwa, lilikuwa ghali zaidi.

Upande wa nyaraka, kadi ilikuwa na jina la mwalimu, na chesisi namba ililingana na iliyogongwa kwenye gari. Tuliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani, tukakuta faini mbili za shilingi 30,000 kila moja ambazo hakuzijua, akazilipa siku hiyohiyo. Tuliangalia pia deni la maegesho la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na uhai wa bima katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Mtu akikusifia kwamba gari halidaiwi ada ya leseni ya kila mwaka, hiyo haiongezi thamani, kwa kuwa ada hiyo ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18. Mkataba tuliusaini mbele ya wakili tukiwa na vitambulisho vyetu vya taifa (NIDA), fedha zikapita benki, na wiki hiyohiyo tukashughulikia uhamisho TRA. Usikubali kuendesha kwa miezi gari lenye jina la mtu mwingine, hata kama ni mtu mwema kama yule.

Baada ya miezi kumi na minne, injini haijanidai kitu zaidi ya oili na plagi. Matengenezo ya mwanzo yalifika shilingi 1,520,000, kwa sababu bushi za nyuma nazo zilikuwa zimekwisha. Kwa mizunguko ya Nkuhungu na Mtumba napata karibu kilomita 13 kwa lita, na safari moja ya Dar es Salaam, kilomita kama 450, lilikwenda na kurudi bila tatizo. Jambo ambalo sikulipima vizuri ni kiyoyozi: asubuhi ya Julai hapa kila kiyoyozi hutoa ubaridi, na nilipofika Novemba nikagundua kwamba gesi inavuja na kondensa imeziba vumbi. Kazi hiyo iligharimu shilingi 280,000. Ningerudi nyuma, ningeliomba gari mara ya pili saa saba mchana, nikae ndani nimefunga vioo kwa robo saa.

Daftari la bluu mwalimu alinikabidhi pamoja na ufunguo wa akiba, nami nimeliendeleza kwa mistari yake ileile. Mstari wa mwisho nimeuandika Jumamosi iliyopita, kilomita 203,140: oili, filta ya hewa, na rejeta imeanza kuvuja upande wa chini, ibadilishwe kabla ya joto la Oktoba.