The Hundred Dresses: magauni mia ya Wanda na yule rafiki aliyekaa kimya

Hiki kitabu nilikiokota kwenye vitabu vya mtumba pale Posta, elfu tano tu, nikakichukua kwa sababu ni chembamba, hata kurasa mia hazifiki, na mwanangu yuko darasa la tano vitabu vinene vinamchosha. Kaandika Eleanor Estes wa Marekani, kilitoka 1944. Nikajua kitakuwa cha kizamani kitamboa. Tumekisoma jioni tatu, mi nasoma Kiingereza alafu namfafanulia pale anapokwama, na jioni ya tatu wote wawili tulinyamaza.

Stori yenyewe: Wanda Petronski, familia yao imetoka Poland, mama yake kafariki, wanakaa Boggins Heights kule kwa maskini, barabara ni matope kwa hiyo na viatu vyake ni matope. Kila siku anavaa gauni lile lile la bluu lililopauka, safi lakini pasi haijakaa vizuri. Sasa siku moja mwenzao Cecile kaja na gauni jipya jekundu, wasichana wote wamemzunguka wanalisifia, Wanda na ye anatamani awe na neno la kusema, akasema kwa sauti ndogo kwamba nyumbani ana magauni mia. Basi hapo ndo kajimaliza. Peggy, yule msichana anayependwa kuliko wote shuleni, akageuza ikawa mchezo wa kila asubuhi, wanamsubiri njiani wanamuuliza kwa adabu kabisa, eti una magauni mangapi? Mia. Ya hariri? Na viatu je? Pea sitini. Wakitoka hapo ni kucheka.

Kilichonishika ni kwamba huyo Peggy hajaandikwa kama mtu mbaya. Watoto wadogo wakionewa anawatetea, akiona mnyama anateswa analia masaa. Kwake ule ni utani tu, na si ndivyo walivyo wale wanaoonea wenzao kweli? Ukimwita mzazi wa mtoto kama huyo atakwambia mwanangu ana huruma sana, na hadanganyi.

Lakini kitabu hiki ni cha Maddie. Maddie ni rafiki wa Peggy, na ye kwao hawana kitu, nguo anazovaa ni za Peggy zilizorekebishwa ili watu wasizijue. Mchezo ule haupendi, moyoni unamuuma, ila anasimama pale pale pembeni kimya. Kuna sehemu anaanza kumwandikia Peggy kikaratasi amwambie tuache, alafu anawaza, nikisema hivi kesho watanigeukia mimi, watauliza hili gauni nimelitoa wapi, anakichana. Jamani! Nilisoma hapo nikaweka kitabu chini. Darasa la sita tulikuwa na mwenzetu tuliyemwimbia jina baya mwaka mzima, mi sikuimba hata siku moja, na miaka yote nilijihesabu kwamba simo. Kumbe nilikuwemo, nilikuwa nimesimama pale pale alipo Maddie.

Sitasimulia yote ila kuna mashindano ya kuchora, kuna barua ya baba yake Wanda inasomwa mbele ya darasa kwamba wamehamia mji mkubwa ambako majina ya ajabu ni mengi, na Maddie na Peggy wanapanda Boggins Heights kumtafuta wanakuta nyumba tupu. Mwandishi hampi Maddie nafasi ya kuomba msamaha uso kwa uso. Nimempenda sana kwa hilo.

Mwanangu mwanzoni aliuliza kwa nini hawana yunifomu, maana angalau wote wangefanana. Kesho yake akiwa anakula akaniambia, mama, kwetu ni viatu. Kuna mwenzao soli imeachia mbele, wanamwambia viatu vyako vina njaa. Nikamuuliza na wewe unasemaje? Akasema mi sisemi kitu. Tuliongea mpaka saa nne usiku, na mi nikamweleza ya darasa la sita ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Kasoro zipo. Wanda tunamwona kwa mbali tu, kichwani mwake hatuingii kabisa, nilitaka angalau kurasa mbili za kwake. Na ile zawadi anayowaachia wasichana mwishoni kwangu imewahi sana, Peggy anaipokea anatulia kana kwamba yameisha, anayebaki na maumivu ni Maddie peke yake. Kiingereza kuna maneno ya zamani, mtoto wa shule za kawaida atahitaji mtu pembeni. Michoro ya Louis Slobodkin nyuso hazionekani vizuri, kama rangi iliyomwagikiwa maji, mwanangu hakuipenda, mi naona imefaa kwa sababu na wao walikuwa hawamwoni Wanda vizuri.

Darasa la nne mpaka la saba, wasichana na wavulana pia, msidhani kwa sababu ya jina ni cha wasichana. Walimu mkikipata kisomeni darasani kwa sauti, kinaisha ndani ya wiki. Kuna toleo lina barua ya binti wa mwandishi mwanzoni, anaeleza kwamba mama yake alisoma na msichana kama Wanda kweli kabisa. Ukipata hilo, anza na hadithi, barua iache mpaka mwisho.