Mkeka wa ukindu wa elfu 45: kazi safi, ila rangi wamenidanganya

Vijana mtulie: huu si mkeka wa kubeti, wala si ule wa uteuzi unaotoka Ikulu usiku watu wakakesha na simu. Nazungumzia mkeka wenyewe, wa kulalia, wa ukindu, nilioununua mwezi uliopita kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa Dar. Shilingi 45,000, na bodaboda 4,000 mpaka Temeke.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Pangani. Bibi yangu mzaa mama alisuka ukili, ule utepe mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, huku anazungumza na wageni, haangalii mikono. Kwa hiyo mkeka ulipofika sikuutandika, niliugeuza kwanza. Mkeka hukaguliwa mgongoni. Huko ndiko vichwa vya chane, vile vipande vyembamba vya jani, vinakojificha, na msukaji mvivu huviacha vimechomoza kama ndevu za kambale. Huu umepunguzwa vizuri. Nikaunusa: majani makavu, hakuna ukungu. Nikahesabu vipande vya ukili: 15, kila kimoja upana wa vidole vinne, urefu mita 2. Hizo ni mita 30. Kwa kipimo cha bibi, mikono miwili imenyooshwa, ni pima 16 na ushei. Mtu ameketi akasuka pima 16 kabla mshono wa kwanza haujapigwa. Ukiuangalia hivyo, elfu 45 si bei kubwa, na nina wasiwasi aliyesuka hakuiona hata nusu yake.

Na ni ukindu kweli. Hilo nalisifu, maana mjini watu wengi huuziwa miyaa wakaambiwa ukindu. Miyaa ni jani la mkoche, gumu. Kazi yake ni majamvi, makanda na vikapu. Ukitaka kuanika karafuu kama Pemba, jamvi la miyaa ndilo lako. Ukindu unatoka kwenye mkindu, ule mtende wa porini unaopenda mabonde yenye maji. Hukatwa kuti changa kabla halijafunguka, likachanwa, likaanikwa mpaka liwe jeupe. Ndiyo maana mkeka wake unakunjika kama shuka. Umeme ulipokatika siku tatu, niliuhamishia sebuleni nikalala chini. Usiku wa kwanza uliniachia michoro mapajani. Wazee walishasema mkeka mpya haulaliwi vyema. Wa tatu sikuamka hata kunywa maji.

Sasa mshono. Wameshonea uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Unashika, sikatai, lakini nailoni ni kama kisu: kila ukikunja mkeka unakata ukindu kidogo kidogo, na pembeni kwangu tundu mbili zimeshaanza kupanuka. Bibi alishonea ukindu huohuo, kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, jani kwa jani, vikachakaa pamoja. Mnaniona nalalamikia uzi, lakini hii ni pwani iliyoshona hata vyombo vya baharini. Kile kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja mashua za kushonwa za Rhapta, bandari ya kale huku kwetu Afrika Mashariki. Na mtepe, chombo chetu cha kushonwa kilichosafiri mpaka karne iliyopita, mbao zake zilifungwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa nini? Mkeka. Jani limesukwa, likapandishwa mlingotini, likabeba mizigo. Usumba nao ni makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa, kisha yakapondwa. Darasani nilikuwa nikifika hapa kengele inalia.

Rangi ndiyo iliyoniudhi. Mkeka ulikuja na kikaratasi kimefungwa kwa kamba ya katani, kizuri kwelikweli, kimeandikwa “rangi asilia za mimea, kama walivyofanya mabibi zetu”. Mistari yake ni myeusi, ya waridi na ya zambarau. Ijumaa mume wangu akaketi juu yake na kanzu yenye unyevunyevu, akainuka na mstari wa waridi matakoni. Nikachukua pamba na maji, nikafuta: waridi, kisha zambarau, tena ya kung'aa.

Weusi nilikubali unaweza kuwa wa mmea. Bibi alichimba mizizi ya mdaa, akaichemsha na ukindu mpaka ukawa kama masizi. Njano ilitoka kwenye manjano, wekundu kwenye mzingefuri. Lakini zambarau ile haikuwahi kutoka kwenye sufuria ya majani yoyote niliyoiona Pangani, ingawa jina lake tumelitoa kwenye tunda. Zambarau ya namna hiyo ilianzia London mwaka 1856, pale kijana William Perkin alipokuwa akihangaika kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe, akapata rangi. Baada ya hapo ndipo zikaja rangi za pakiti.

Na bibi alizipenda mno! Alizinunua dukani kwa Mhindi, kijiko kimoja kimoja, kwa sababu mdaa unachosha mgongo na hauna waridi. Hata “asili” yake ya zamani ilikuwa ya wasafiri: manjano yametoka Asia, mzingefuri umetoka Amerika. Kwa hiyo rangi ya pakiti sina ugomvi nayo. Ingeandikwa hivyo kwenye kikaratasi, ningenunua vilevile, ila ningeuosha kwanza, na kanzu labda ingepona.

Nilimpigia muuzaji. Kijana mstaarabu, aliniamkia, akaniita mama, akasema vikaratasi anavichapisha yeye, rangi hajui, mikeka analetewa. Angalau hakubisha. Hakurudisha pesa, nami sikudai.

Kwa kulalia nampa nane juu ya kumi. Kwa kikaratasi, sifuri. Mwenye watoto wadogo au kanzu nyeupe achague usio na rangi. Mimi nimeagiza wa pili, mweupe mtupu, na nimemwambia ushonwe kwa ukindu. Amesema fundi ataongeza elfu 10 na wiki mbili. Nimetuma nusu.