Xfce juu ya FreeBSD: laptopu ya mtumba iliyoambiwa ni ya spea

Habari za leo ndugu zangu, karibuni tena hapa Moshi. Kabla sijasema lolote, tazameni skrini hii. Nyeusi, maandishi meupe, na kule chini kuna neno login. Hapa ndipo wadogo zangu wengi hunipigia simu wakisema, "Kaka, mashine imekufa." Haijafa. FreeBSD, mfumo endeshi wa mashine hii, ndiyo imeshamaliza kuwaka. Madirisha, paneli, kishale cha panya, hivyo vyote unavijenga wewe mwenyewe baada ya hapo. Leo nachambua Xfce, eneokazi nililolijenga juu ya mashine hii, na nimefanyia kazi zangu zote humo kwa mwezi mzima.

Mashine ni Lenovo ThinkPad X220, ya mwaka 2011, RAM GB 4. Nimeinunua mtumba hapa mjini kwa shilingi 250,000. Fundi wa kwanza kuiona aliniambia niitoe spea. Iliniuma, maana kibodi yake ni tamu mno na wino wa herufi bado umekolea. Kilichoichosha ni programu nzito tu.

Sasa tuelewane eneokazi ni nini, kwa sababu ukilielewa hutahangaika. Chini kabisa kuna Xorg, inayochora kwenye skrini na kusikiliza kibodi na panya. Mfumo huu wa X ulianzia chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1984, na toleo la 11 tunalotumia mpaka leo lilitoka 1987. Xorg peke yake ni kama daladala lenye injini na viti, halina konda. Konda ni xfwm4: ndiye anayepanga kila dirisha likae wapi, nani asogee, nani aje mbele. Kisha kuna paneli yenye menyu na saa, kuna Thunar ya kufungulia mafaili, na xfdesktop inayoshika picha ya nyuma. Kila kimoja ni programu yake, na vyote kwa pamoja ndivyo vinaitwa Xfce. Mradi huu aliuanzisha Olivier Fourdan mwaka 1996. Panya huyo mnayemwona kwenye kitufe cha menyu ndiye nembo yao.

Kusakinisha ni rahisi, ila uwe na bando la kutosha, mimi nasema usianze ukiwa chini ya GB 2. Ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, unaandika pkg install xorg xfce drm-kmod (hiyo ya mwisho ni pakeji ya draiva za grafiki), unaenda kunywa kahawa. Ukirudi, unawasha dbus, huduma ya programu kupashana ujumbe, kwa sysrc dbus_enable=YES. Hapo bado kuna mambo mawili, na ndiyo yanayowakwamisha watu.

La kwanza ni draiva ya grafiki. Hii yangu ni ya Intel, kwa hiyo naandika sysrc kld_list+=i915kms. Mwenye AMD mpya ataweka amdgpu badala yake. Msiiweke draiva hii kwenye loader.conf, faili linalosomwa mwanzo kabisa wa kuwaka, hata kama mmeona maelekezo ya zamani yanasema hivyo. Mahali pake ni rc.conf, faili la mipangilio ya mfumo, na amri hii ya sysrc inaipeleka hukohuko.

La pili ni kundi la video, yaani kundi la watumiaji wenye ruhusa ya kutumia kadi ya grafiki. Andika pw groupmod video -m, halafu jina lako la mtumiaji, kisha toka na uingie upya. Mara ya kwanza mimi nilisahau hili. Xfce ilifunguka vizuri kabisa, nikafurahi, nikafungua video: ikawa inakatakata na feni inavuma. Nilitafuta kosa siku mbili. Kumbe programu zangu hazikuwa na ruhusa ya kuigusa kadi ya grafiki, kazi yote ya kuchora ikaangukia prosesa. Amri moja tu, feni ikatulia. Ndiyo maana nalirudia: kundi la video, kundi la video.

Mwisho, kwenye faili la .xinitrc andika exec startxfce4, kisha amri ya startx.

Je, inafaa? Kwa mashine ya GB 4, naipenda kwa moyo wote. Nikiwa sijafungua kitu, RAM iliyotumika haifiki GB 1. Ukiona bado nzito, ingia kwenye mipangilio ya ziada ya madirisha, zima vivuli na uwazi. Kibodi ya Kiswahili cha Tanzania nayo imo kwenye orodha. Lakini niwe mkweli kwenu: Firefox ikifunguliwa kurasa kumi, RAM inaliwa kama kwenye mashine yoyote ile. Xfce haiwezi kuipunguzia tovuti uzito.

Kasoro kubwa niliyoiona haiko kwenye Xfce yenyewe. Ukipandisha toleo la FreeBSD, draiva ya drm-kmod huweza kuwa bado imejengwa kwa kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani, ukakutana na skrini nyeusi. Ikitokea, chagua single user (hali ya matengenezo) kwenye menyu ya kuwashia, futa ule mstari wa kld_list kwenye rc.conf, washa upya, usubiri pakeji mpya. Usipandishe toleo usiku wa kuamkia mtihani.

Na kama wewe ni mhasibu unayetaka kuchapa ankara kesho asubuhi, chukua Debian, mfumo wa Linux. Pale kisakinishi kinakuuliza eneokazi gani, unatia tiki kwenye Xfce, basi. FreeBSD nampa yule mwanafunzi anayetaka kujua kila kipande kinafanya nini, aliye tayari kukaa nayo jioni nzima.

Betri ya hii imechoka, umeme ukikatika inazima papo hapo. Imeshanitokea mara tatu mwezi huu. Nilichagua UFS yenye jarida, yaani mfumo wa mafaili unaoweka kumbukumbu ya mabadiliko, na kila mara imerudi bila faili kupotea.

Jana usiku nimeongeza lightdm, programu ya kuleta dirisha la kuingilia, pamoja na lightdm-gtk-greeter, nikaandika sysrc lightdm_enable=YES, ili nisiandike tena startx. Sijaijaribu bado, nilitaka tuione pamoja. Nawasha upya sasa. Maandishi yanapita... i915kms imeingia, mmeona herufi zilivyobadilika ukubwa? Hilo hapo dirisha la kuingilia. Jina, nywila... Panya huyo kafika.